Nani anazipima setilaiti zinazoipima dunia?

Hotuba kwa walimu na wanafunzi wa fizikia na hali ya hewa, Siku ya Hali ya Hewa Duniani

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, ndugu zangu waangalizi wa hali ya hewa mliokuja hapa moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, na ninyi wanafunzi mliojaa mpaka kwenye ngazi: kwa wakubwa wangu, shikamooni, kwa wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mabadiliko ya tabianchi. Mada hiyo ni pana, na wengi wameshaizungumza kwenye jukwaa hili kuliko mimi. Nitachukua kipande kimoja tu, ambacho husikika mara chache: ugezi wa vifaa vya setilaiti vinavyopima mionzi inayoingia na kutoka duniani. Ugezi ni kazi ya kukilinganisha kifaa na kipimo kinachoaminika, ili kifaa kikisema mia, tujue hiyo mia ni mia kweli. Nimekichagua kipande hiki kwa sababu naamini kwamba karibu kila jambo zito linalosemwa kuhusu kupanda kwa joto la dunia limeegemea kazi hii, na wanaoifanya hawajulikani.

Tuanze na hesabu. Juu ya angahewa, mahali palipolielekea jua moja kwa moja, kila mita ya mraba hupokea wati 1,361 hivi. Dunia ni tufe, na nusu yake muda wote iko gizani. Kwa hiyo ukitaka wastani wa dunia nzima, ikweta na ncha, usiku na mchana, unagawanya kwa 4. Unapata wati 340 kwa kila mita ya mraba, na kuanzia hapa nitasema wati tu. Katika hizo 340, karibu 100 hurudishwa papo hapo na mawingu, barafu, mchanga wa jangwa na hewa yenyewe. Hiyo ndiyo mionzi ya mawimbi mafupi. Zilizobaki, kama 240, huingia zikapasha nchi na bahari, kisha dunia huzitoa tena kwa umbo la mionzi ya joto ambayo jicho haliioni, yaani mawimbi marefu.

Kama kungekuwa na urari, kinachoingia kingelingana na kinachotoka. Hakilingani. Kati ya katikati ya mwaka 2005 na katikati ya mwaka 2015, kilichobaki ndani bila kutoka kilikuwa wastani wa wati 0.7 hivi. Wati 0.7 kati ya 340. Kwa macho ni kitu kidogo, lakini ndicho kinachoipasha bahari moto, kinachoyeyusha barafu, na kinachoinua maji yanayokula fukwe.

Sasa vifaa. Kifaa tunachokitegemea kuliko vyote kwa kazi hii kinaitwa CERES, nacho hubebwa ndani ya setilaiti kikipima mionzi inayotoka duniani. Walipokibuni waliweka lengo la usahihi: kosa lisizidi asilimia 1 kwa mawimbi mafupi na nusu asilimia kwa mawimbi marefu. Kwa mtu wa maabara hayo ni malengo magumu sana. Lakini pigeni hesabu. Asilimia 1 ya wati 100 ni wati 1. Nusu asilimia ya wati 240 ni wati 1.2. Kosa linalokubalika la kifaa ni kubwa kuliko kitu chenyewe tunachokitafuta. Mwanafunzi makini akifika hapa huinua mkono na kuuliza: kama ni hivyo, mnajuaje? Swali hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Nianze na kifaa chenyewe. CERES ya kwanza ilirushwa Novemba 1997 kutoka kisiwa cha Tanegashima, Japani, ndani ya setilaiti ya TRMM. Zikafuata mbili ndani ya Terra, Desemba 1999. Mbili ndani ya Aqua, Mei 2002. Moja ndani ya Suomi NPP, Oktoba 2011. Na ya mwisho ndani ya NOAA-20, Novemba 2017. Wanaozisimamia wako Kituo cha Utafiti cha Langley cha NASA, shirika la anga la Marekani, mjini Hampton, jimbo la Virginia. Ndani ya kila moja mna darubini tatu ndogo zilizofungwa pamoja, zikitazama mahali pamoja. Moja ina kichujio kinachopitisha mawimbi mafupi tu, yaani mwanga wa jua ulioakisiwa. Ya pili haina kichujio. Inapokea kila kinachokuja. Ya tatu, katika vile vya mwanzo, inapokea kipande cha mionzi ya joto kati ya maikromita 8 na 12, kipande ambacho angahewa hukipitisha kwa urahisi. Nyuma ya kila darubini kuna kipande chembamba cheusi kinachoitwa bolomita. Mionzi ikikigusa, kinapata joto kidogo sana, ukinzani wake wa umeme unabadilika, na badiliko hilo ndilo linalosomwa.

Naomba mlishike jambo moja, maana huko mbele litatusaidia. Hizo za mwanzo hazina darubini ya kupima mawimbi marefu yote peke yake. Usiku hakuna shida: mwanga wa jua haupo, kwa hiyo jumla ndiyo mawimbi marefu. Mchana lazima utoe. Unachukua jumla, unatoa mawimbi mafupi, kinachobaki ndicho mawimbi marefu. Maana yake ni kwamba darubini ya mawimbi mafupi ikikosea, kosa lake linaingia kwenye jibu la mawimbi marefu pia, tena mchana tu.

Kabla ya kurushwa, vifaa hivi vilipitishwa kwenye chumba cha ombwe, yaani kisicho na hewa, cha watengenezaji wake, kampuni ya TRW, huko Redondo Beach, California. Mle ndani mna kitu kinachoitwa mwili mweusi: tundu lililopakwa rangi nyeusi kiasi kwamba karibu mionzi yote inayoingia haitoki tena. Kitu cha namna hiyo kina sifa moja nzuri mno. Ukijua joto lake, unajua mionzi yake, kwa kanuni ya Planck ambayo walimu hapa mnaifundisha. Na joto lake linasomwa na thamomita za platini ambazo zenyewe zimelinganishwa na skeli ya kimataifa ya halijoto. Kwa mawimbi mafupi kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu hakuna taa duniani inayofanana na jua lililoakisiwa na mawingu. Wakatumia taa yenye vichujio, wakaipima kwanza kwa radiomita, yaani kipima nguvu ya mionzi, iliyopozwa kwa baridi kali, ndipo wakaionyesha CERES. Unaona mnyororo: kifaa kinahakikiwa na kifaa, nacho kinahakikiwa na kingine, mpaka ufike kwenye kipimo cha msingi cha umeme au cha halijoto.

Halafu unakiweka hicho kifaa juu ya roketi, kinatikiswa kwa nguvu, kinafika mahali penye ombwe, jua kali na baridi kali, na hutakigusa tena maisha yako yote.

Huko juu kina njia zake za kujihakiki. Mzunguko mmoja wa kufagia huchukua sekunde 6.6, na katika kila mzunguko darubini hupitisha macho kwenye anga tupu, nje ya ukingo wa dunia. Anga hiyo ina baridi ya takriban nyuzi 3 juu ya sifuri halisi, kwa hiyo ndiyo sifuri ya kifaa. Mwaka 2003 waliigeuza Terra nzima ikaipa dunia mgongo, ili wahakikishe kwamba sifuri hiyo haibadiliki darubini ikibadili pembe. Ndani yake pia mna miili myeusi midogo ya kuhakiki mawimbi marefu, na taa ndogo ya tungsteni ya kuhakiki mawimbi mafupi.

Taa hiyo naomba tukae nayo kidogo. Kwa maoni yangu ndiyo somo zuri kuliko yote katika fani hii.

Terra ilibeba CERES mbili, pacha. Moja iliachwa ikifagia kutoka upande hadi upande, ikikata njia ya setilaiti. Pacha wake alizungushwa huku akifagia, ili aone mawingu yaleyale kutoka pembe nyingi, jambo ambalo watafiti walilihitaji sana. Miaka ikapita. Vifaa viwili, chombo kimoja, dunia moja, vikaanza kutofautiana. Taa ya ndani ikiulizwa, inajibu kwamba mambo ni shwari. Lakini ukilinganisha masomo ya pacha hao mahali kwa mahali, unaona jambo la ajabu: juu ya bahari isiyo na mawingu wanapishana zaidi kuliko juu ya mawingu meupe. Na ukilinganisha mawimbi marefu ya mchana na ya usiku, nayo yanaachana polepole.

Bahari isiyo na mawingu, ikitazamwa kutoka juu, ni ya buluu. Taa ya tungsteni ina mwanga wa manjano. Buluu yake ni kidogo mno. Kwa hiyo kama kifaa kinapoteza uwezo wa kuona buluu na urujuanimno, ile miale isiyoonekana iliyo ng'ambo ya urujuani, huku nyekundu kikiiona kama zamani, taa haitakwambia. Itakuhakikishia kwamba hakuna kilichoharibika, nayo haidanganyi. Haina tu uwezo wa kuuliza swali lile. Mtu aliyeiamini taa peke yake angetangaza kwamba dunia inazidi kuwa nyeusi, kumbe ni vioo vya kifaa.

Walipochunguza, maelezo waliyoyafikia ni haya. Kifaa kinachozungushwa kuna nyakati kinatazama mbele, upande ambao setilaiti inakwenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Hata kwenye mwinuko wa kilomita 705 bado kuna mabaki ya atomi za oksijeni, na kuna mvuke hafifu unaotoka kwenye setilaiti yenyewe. Vitu hivyo vikichanganyika na miale ya urujuanimno ya jua, hujenga utando mwembamba juu ya vioo vya darubini na kuushikisha hapo. Utando huo huzuia buluu kuliko rangi nyingine. Waliposhika mkia wa jambo hilo walifanya mawili: waliacha kukitazamisha kifaa upande wa mwendo, na wakarudi nyuma kuzipitia data zote upya, mwezi kwa mwezi, wakatoa toleo jipya.

Kulikuwa na njia nyingine ya kuhakiki, ya kulitazama jua lenyewe kupitia bamba lenye vioo vidogo vinavyopunguza ukali wake. Nalo bamba lilibadilika huko juu, kwa hiyo halikutegemewa kwenye vile vya mwanzo. Kilichookoa jahazi ni pacha. Na mwaka 2005, darubini ya mawimbi mafupi ya moja ya CERES mbili za Aqua ilipokufa, yule wa pili alikuwepo kuendelea. Msimamizi wa bajeti atakuuliza kwa nini upeleke viwili wakati kimoja kinatosha. Mjibuni kwa kisa hiki.

Kisa cha pili ni cha zamani zaidi. Oktoba 5, 1984, chombo cha anga cha Challenger, cha Marekani, kilibeba setilaiti iitwayo ERBS, iliyojengwa mahsusi kwa ajili ya mionzi ya dunia. Ilipofika wakati wa kuiachia, bamba la umeme wa jua likagoma kufunguka, viungo vyake vikiwa vimeganda. Mwanaanga Sally Ride, akiwa ameishika kwa mkono wa roboti, akaitikisa, kisha akaiweka juani mpaka ikapata moto, na bamba likafunguka. Ilitarajiwa ifanye kazi miaka 2. Iliendelea hadi 2005, na ikarudi kuungua angani Januari 2023.

Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo ya ERBS yaliyowashtua wengi. Katika ukanda wa kitropiki, kati ya miaka ya 1980 na ya 1990, mawimbi marefu yanayotoka yalionekana kuongezeka kwa wati 3.1, na mawimbi mafupi yanayoakisiwa yamepungua kwa wati 2.4. Ukijumlisha, ukanda wetu ulikuwa umepoteza wati 0.7. Mjadala ukawaka.

Sasa angalieni. Kipokezi kile kilikuwa cha jicho pana, kinaiona dunia yote iliyo chini yake kwa mara moja. Na setilaiti ilikuwa inashuka polepole, kutoka kilomita 611 hadi kilomita 585. Kilomita 26. Kutoka kitovu cha dunia huo ni umbali wa kama kilomita 6,980 kuwa kama 6,955. Mionzi hukua kwa mraba wa ukaribu, kwa hiyo ongezeko ni karibu robo tatu ya asilimia moja. Robo tatu ya asilimia, kwa wati 250 za mawimbi marefu ya kitropiki, ni karibu wati 2. Wati 2 zilizotokana na chombo kukaribia, wala hazikutokana na dunia kuwa na joto zaidi.

Mwaka 2006 likatoka toleo lililorekebisha mwinuko, pamoja na rekebisho la kuba la kioo linalofunika kipokezi cha mawimbi mafupi. Ile 3.1 ikawa 0.7. Ile 2.4 ikawa 2.1. Na jumla, iliyokuwa hasara ya wati 0.7, ikawa faida ya wati 1.4. Alama imegeuka kutoka kutoa kwenda kujumlisha! Wanafunzi, hii ni hesabu ya kidato cha pili. Ilikuwa pale muda wote, ikingoja mtu aketi aifanye. Na waliorekebisha ni walewale waliokuwa kwenye kazi ya mwanzo pamoja na wenzao, wakaandika majina yao chini ya marekebisho. Nawaheshimu sana watu hao.

Cha tatu nitakipitia haraka. Ile 1,361 ya jua niliyoitaja mwanzoni haikuwa 1,361 tulipokuwa tunasoma. Vitabu vilisema 1,365 au 1,366. Setilaiti ya SORCE iliporushwa Januari 2003, kifaa chake kikasoma chini kwa wati 4 na zaidi, na kwa miaka kadhaa haikujulikana nani mkweli. Jibu lilipatikana kwenye maabara ya Boulder, Colorado, walipotengeneza mtambo wa kulinganisha vifaa hivyo na radiomita ya baridi kali ndani ya ombwe. Vifaa vya zamani vilikuwa na tundu pana mbele na tundu dogo, lile lililopimwa kwa makini, ndani kabisa. Mwanga uliopita tundu pana na kukosa tundu dogo ulirukaruka humo ndani, na kiasi chake kikaishia kuhesabiwa. SORCE iliweka tundu dogo mbele. Basi. Mahali pa tundu.

Sasa nirudi kwa yule aliyeinua mkono. Kama kosa la kifaa ni zaidi ya wati 1, mnajuaje wati 0.7?

Hapa lazima tutenganishe usahihi na uthabiti. Chukulieni mizani ya kliniki ya mama na mtoto ambayo kila siku inazidisha nusu kilo. Uzito utakaoandikwa kwenye kadi si wa kweli. Lakini kama mizani inazidisha nusu kilo ileile kila mwezi, mama atajua kama mwanawe anaongezeka au anapungua, na kwa kiasi gani. CERES ni hivyo. Kiwango chake kina shaka ya wati 1 au 2, lakini mwendo wake, baada ya kazi yote niliyoieleza, ni thabiti kwa kiwango cha sehemu ndogo ya wati kwa muongo.

Kiwango chenyewe kinatoka baharini. Ukichukua masomo ya CERES yalivyo bila kuyagusa, dunia inaonekana kubakiza zaidi ya wati 4, jambo lisilowezekana; bahari ingekuwa imepata moto kupita kiasi kinachoonekana. Kwa hiyo watafiti hurekebisha mawimbi mafupi na marefu, ndani ya mipaka ya shaka ya vifaa, mpaka wastani wa miaka kumi ulingane na joto lililohifadhiwa baharini. Joto hilo linapimwa na maboya ya Argo, karibu 4,000, yanayozama hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku 10 hivi, mengine yakiwa hapa kwenye Bahari ya Hindi yetu. Wako wanaolisikia jambo hili wakasema data zimepikwa. Hazijapikwa. Kimeandikwa wazi kilichorekebishwa, kwa kiasi gani, na kwa nini. Bahari inatoa kiwango, setilaiti inatoa mwendo.

Na mwendo huo unatisha. Mwaka 2021 Norman Loeb wa Langley na wenzake walionyesha kwamba kati ya katikati ya 2005 na katikati ya 2019 ziada ya nishati ya dunia iliongezeka karibu maradufu. Waliandika ongezeko la wati 0.50 kwa muongo, na shaka ya 0.47. Mnaona shaka ilivyo pana, hawakuificha. Lakini vipimo vya baharini, ambavyo mwendo wake hautegemei setilaiti, vilionyesha takriban mwendo uleule. Njia mbili zisizofahamiana zikikutana mahali pamoja, mimi naamini.

Katika kuushika uthabiti huo, bara letu lina sehemu ambayo wengi hapa hawaijui. Wataalamu wanahitaji mahali duniani pasipobadilika, pa kutazama mwaka hadi mwaka. Wanatumia mchanga wa jangwa la Libya na Algeria. Wanatumia pia vilele vya mawingu makubwa ya radi ya kitropiki, yanayopanda mpaka ukingo wa tabaka la chini la angahewa, meupe, baridi, na ambayo wastani wa mng'ao wake haubadiliki sana. Bonde la Kongo ni moja ya mahali yanapojengeka kwa wingi kuliko kwingine. Mvua inayomnyeshea mvuvi wa Mto Kongo alasiri, juu yake kuna kipimo ambacho setilaiti hujipimia.

Nina wasiwasi mmoja, na nitausema bila kuuzungusha. Uthabiti unakaa ndani ya kifaa kimoja. Ukitaka kuuhamishia kingine, lazima viwili vitazame dunia pamoja kwa muda, kile kikongwe kikiwa bado hai. Kikifa kabla mwenzake hajafika, kile kipya kitaanza na shaka yake yenyewe, wati 1 juu au wati 1 chini, na hutajua kama dunia imebadilika au ni kifaa kimebadilika. Rekodi ya tangu mwaka 2000 inakatika. CERES ya mwisho ilikwenda juu mwaka 2017. Kifaa kilichokusudiwa kuifuata, RBI, kilifutwa na NASA Januari 2018 kwa matatizo ya kiufundi na gharama. Mwaka 2020 wakachagua kingine, Libera, kinachojengwa na watu wa maabara ileile ya Boulder ili kibebwe na setilaiti ya JPSS-4. Wakati huohuo Terra na Aqua zimezeeka, mafuta ya kuzishika kwenye njia zao yamekwisha kiasi kwamba zimeachwa zisogee. Kwangu mimi hili ni jambo la kulifuatilia kama tunavyofuatilia utabiri wa masika, maana mkulima wa Dodoma na mvuvi wa Pemba wamo ndani ya zile wati 340 kama mtu mwingine yeyote.

Na sisi huku chini? Setilaiti inaona kinachotoka juu. Kinachofika ardhini kinahitaji vifaa vya ardhini, na vituo vya kiwango cha juu vya kupima mionzi ardhini barani Afrika ni vichache, kama Tamanrasset kule Algeria na Gobabeb kule Namibia. Vituo vyetu vya kawaida vina piranomita, kile kifaa cha kupima mionzi ya jua chenye kuba la kioo mnachokiona juu ya paa. Kila wati inayokifikia hutoa maikrovolti 10 hivi, yaani sehemu kumi za milioni za volti, kiasi ambacho vumbi la wiki chache linatosha kukiharibu. Watengenezaji wengi hushauri kifanyiwe ugezi kila baada ya miaka 2. Nimewahi kufungua daftari la kituo kimoja, sitakitaja, ambapo mionzi ya jua ilionekana kupungua mwaka hadi mwaka bila kukoma. Mtu angeweza kuandika makala ya moshi na mawingu. Kifaa kilikuwa hakijafanyiwa ugezi tangu kifungwe.

Wala hatuko mbali na msaada. Nairobi kuna Kituo cha Kanda cha Vifaa cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Na kipimo cha juu kabisa cha mionzi ya jua kiko Davos, Uswisi, ambako nchi hupeleka vifaa vyao kila baada ya miaka 5, vinapangwa mezani nje, kimoja kando ya kingine, vyote vikilielekea jua, na watu wanangoja mawingu yapite. Sote hapa tungetaka kuona kifaa cha nyumbani kwenye meza ile, na kijana kutoka ukumbi huu akikisimamia. Wenye kupanga bajeti mmo humu, nawaomba.

Mafundi wameshatangulia juu ya paa na piranomita mbili za aina moja. Moja imefanyiwa ugezi hivi karibuni, na kuba lake limefutwa asubuhi hii kwa maji safi. Nyingine imekaa nje bila kuguswa tangu vuli. Wanafunzi mtagawanyika makundi mawili. Kwanza mtazifunika zote kwa kitambaa cheusi na kuandika sifuri ya kila moja, maana si lazima iwe sifuri. Kisha mtazifunua na kusoma kila dakika kwa nusu saa. Baada ya hapo mtaifuta ile chafu na kusoma tena nusu saa, ndipo mjue ni kiasi gani cha tofauti kilikuwa vumbi na ni kiasi gani kimo ndani ya kifaa chenyewe. Andikeni na mawingu yakipita. Kabla hatujapanda, napokea maswali. Asanteni sana.